Mwosha Makasiki

Mungu alipokuwa anagawa urefu, Rodou alikuwa amejificha mahali anacheka. Hivyo ndivyo tulivyosema kijijini, na utani huo aliuanzisha mwenyewe ili awawahi wengine. Alikuwa mwanamke mzima, lakini kichwa chake kiliishia begani kwangu, na mimi mwenyewe sijawahi kuitwa mrefu. Hata hivyo Agosti ilipokaribia kwisha na zabibu kuanza kuwa nyeusi mlimani, hapakuwa na mrefu yeyote aliyetafutwa kama Rodou.

Sababu ni makasiki. Kwetu Kupro, milimani huku, divai inalala kwenye makasiki ya udongo ambayo mababu waliyafukia chini ya sakafu za nyumba zao mpaka mabegani, mdomo tu ukichungulia juu. Tumbo la kasiki linammeza punda na mzigo wake. Mdomo wake unamkataa yeyote mwenye nyonga. Na kabla ya mavuno lazima lioshwe, la sivyo divai mpya itageuka siki kabla ya Krismasi na mwenye nyumba atabaki kuinyunyizia saladi mwaka mzima. Kwa hiyo alitakiwa mtu wa kuingia ndani. Wanaume wetu walikuwa na vitambi na watoto hawaaminiki, ndipo Rodou akaingia akiwa bado msichana, na hakuna aliyemshinda tena.

Alishushwa kwa kamba, na fagio la vijiti na ndoo ya maji ya majivu. Alisugua mpaka udongo ukalia. Huku anasugua alikuwa anaimba. Sasa, sauti ya Rodou nje ya kasiki ilikuwa sauti ya mlango wenye kutu; tulimwomba kwa heshima zote asiimbe kanisani. Ndani ya kasiki sauti hiyo hiyo ilizunguka, ikanona, ikatoka juu imekuwa kitu kingine kabisa, na mpita njia asiyejua angevua kofia.

Lakini sauti ilikwenda pande zote mbili. Neno lililosemwa karibu na mdomo wa kasiki liliingia ndani likamfikia Rodou kama kanong'onezwa sikioni, na watu husahau. Mtu akishafika chini haonekani, na asiyeonekana hakumbukwi. Wake na waume walizozana juu ya kichwa chake, wakapanga mahari za binti zao, wakawasema jirani. Rodou alijua nani anakoroma, nani ana mchumba mjini Limassol, na nani anatia maji kwenye divai.

Huyo wa maji alikuwa Yakoumis, mwenyekiti wetu wa kijiji. Siku moja alisimama karibu na kasiki lake akimweleza mkewe atakavyoongeza ndoo za maji kabla mnunuzi hajafika. Mara sauti nzito ikapanda kutoka ardhini: "Yakoumis, mwanangu, tia na chumvi kidogo!" Yakoumis alidhani ni marehemu mama yake. Alikwenda miguu peku kwa padri, akaungama mambo ambayo hata hakuulizwa, na mwaka ule tukanywa divai yake tukaona tofauti.

Mshika kamba alikuwa Loizos. Hapa sina budi kueleza jambo moja la kazi hii. Kasiki lililokaa na divai hubaki na pumzi mbaya chini, pumzi isiyo na harufu, ambayo humlaza mtu asiamke. Kwa hiyo kwanza hushushwa mshumaa. Ukizima, mtu haingii. Na hata ukiwaka, mshika kamba ana sharti asiache kumsemesha aliye ndani, na aliye ndani lazima ajibu. Akinyamaza, anavutwa juu upesi bila maswali.

Sasa ukiyajua hayo umfikirie Loizos. Mwanamume mrefu, mpole, aliyeongea kama vile maneno yanauzwa. Mkahawani alicheza bao la Kiyunani jioni nzima bila kufungua mdomo. Ukimsalimu alisema "mm." Ukimwambia nyumba yako imeungua alisema "mm." Alikuwa na mm ya kukubali, mm ya kukataa, na mm ya kwamba hajakusikia, na zote zililingana. Lakini akishika kamba ya Rodou, kazi ilimlazimisha aseme, na akasema. Alimuuliza amekula nini. Alimsimulia ndoto ya mbuzi wake. Alimwambia mzabibu gani umepata ukungu na kwa nini anawaogopa bata. Maneno yote ya maisha yake Loizos aliyamwaga kwenye makasiki, na mtu pekee aliyeyasikia alikuwa Rodou.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kwamba Rodou alimpenda. Kijiji kizima kilijua. Mbuzi wa Loizos walijua. Aliyekuwa hajulikani kama anajua ni Loizos mwenyewe, maana Rodou akishatoka juu, yeye alikunja kamba yake, akasema "mm," akaenda zake. Mimi ni jirani wa Rodou, ukuta kwa ukuta, nami nilichoka.

"Mwambie," nilimwambia.

"Mwanamke haombi, shoga."

"Basi mtegee."

"Nimemtegea tangu nikiwa na meno yote."

Aliyekuwa akimwambia Loizos afanye nini ni dada yake, Polyxeni. Mama yao alipofariki, Polyxeni alichukua funguo za nyumba, akazifunga kiunoni, na ndugu yake akamfunga pamoja nazo. Aliamua Loizos avae nini, apande nini, na amkasirikie nani. Simsemi vibaya; namsema alivyo. Na kati ya vyote alivyovishikilia, alichojivunia zaidi ni kasiki la mama.

Mama ndiyo divai ya zamani isiyomalizwa. Kila vuli, zabibu zikishaanikwa juani mpaka zikajikunja na kukamuliwa, divai mpya tamu humiminwa juu ya ile iliyobaki, hivyo chini kabisa kuna tone la bibi wa bibi yako bado linaendelea na kazi. Nyumba yenye mama nzuri ni nyumba yenye jina. Mama ya Polyxeni ilikuwa nyeusi kama kahawa, na padri aliitumia kwa Pasaka peke yake. Kasiki lake lilikuwa la ufundi uliokwisha, maana aliyejua kulifinyanga alikufa na siri yake.

Tangu Pasaka ulikuwa umevuma uvumi juu ya Annezou. Huyo alikuwa mjane wa ng'ambo ya bonde, mwenye mizabibu mpaka macho yachoke, lakini mama yake iligeuka siki mume alipokufa, na watu walianza kusema maneno. Uvumi ulisema Annezou anatafuta mume, na wengine walimtaja Loizos. Rodou alicheka kuliko sote. "Amtafute tu," alisema. "Loizos akimpata atamwambia mm, mwanamke atafikiri ni nyuki." Kwenye sikukuu ya Mama Maria tulimwona Rodou amejaza sahani mpaka nyama inaning'inia ukingoni, na wanawake wakamcheka kwamba mwaka huu kasiki litamkataa.

Wiki ile ile Polyxeni akamwita. Kasiki la mama, ambalo halijaoshwa tangu enzi za bibi yake, linataka kuoshwa. Divai ilikuwa imeshahamishiwa kwenye mapipa ya kuazima, na udongo kulizunguka ulikuwa umechimbwa mpaka kiunoni. Ajabu, kasiki lioshwe mpaka lichimbuliwe? Nilikuwepo kusaidia kubeba maji, nikajiuliza hivyo kimya kimya. Loizos alishusha mshumaa, ukawaka vizuri. Akamshusha Rodou. Kisha Polyxeni akamtuma nduguye kisimani.

"Nitamsemesha mimi," akasema. Lakini hakumsemesha. Mlangoni alikuwa ameingia Annezou mwenyewe, na viatu vya mjini na mkufu, na Polyxeni akasahau kila kitu.

Annezou alilizunguka kasiki. Alilipapasa kama mtu anayenunua farasi.

"Halina ufa?"

"Ufa? Dada, hili litatuzika wote."

"Na punda wataliweza?"

"Mkokoteni. Mavuno yakiisha tu. Kasiki linakuja na divai yake na Loizos anakuja nyuma."

"Huyo ndugu yako anakula sana?"

"Anakula anachopewa."

"Basi sawa," akasema Annezou, na akapapasa tena. "Lakini bila kasiki, Polyxeni, sitaki maneno. Wanaume wapo wengi."

Nilisimama na ndoo mkononi nikaona aibu kwa niaba ya Loizos. Hakutakiwa Loizos, lilitakiwa kasiki. Yeye alikuwa mfuniko. Na Rodou yuko chini anasikia kila neno.

Loizos akarudi na maji. Dada yake hakungoja atue ndoo. "Yamekwisha. Baada ya mavuno unakwenda kwa Annezou na kasiki. Umesikia?"

Loizos akamtazama dada yake, akamtazama mjane, akasema, "Mm."

Ipi kati ya zile mm? Mimi niliyekuwa namwona usoni sikujua. Rodou aliyekuwa chini hata uso hakuuona. Akanyamaza. Wimbo ukakatika, fagio likatulia.

Loizos aliruka. Alipiga magoti akaingiza kichwa mdomoni mwa kasiki. "Rodou! Rodou, sema kitu!"

Sauti ikaja, kubwa, ya kanisani: "Nimekwama."

"Umekwamaje, wakati bado uko chini?" akauliza Polyxeni.

"Nilijaribu kupanda. Nimefika mabegani nimekwama. Ile nyama ya sikukuu, dada, imeniponza."

Loizos akavuta kamba. Ikakaza, haikusogea. Akavuta tena mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Nikainama kuchungulia, na kwa mwanga wa mshumaa nikamwona Rodou: amekanyaga kuta za kasiki kwa miguu yote miwili kama punda aliyegoma, na amejishikilia. Aliponiona, akanikonyeza.

Niliinua kichwa nikasema, "Amekwama kweli kweli, masikini." Mungu anisamehe, lakini sikuwa nimefurahi hivyo tangu Yakoumis aende kuungama.

Habari ikakimbia. Baada ya muda mfupi kijiji kizima kilikuwa ndani ya ile nyumba, wengine juu ya mapipa. Kila mtu alikuwa na dawa. Yakoumis alisema amwagiwe mafuta ya zeituni; yakamwagwa, na Rodou akalalamika kwamba hata saladi huwekewa limau. Padri alisoma sala ya kufungua waliofungwa. Mwanamke mmoja alishauri wamchekeshe ili apungue. Mimi nilimshushia mkate na jibini kwa uzi, Polyxeni akaukata uzi kwa mkasi.

"Mnamlisha! Mnataka atoke au asitoke? Akae humo bila chakula mpaka akonde!"

"Mpaka lini, mwanangu?" akauliza padri.

"Mpaka atakapopita, Baba!"

"Livunjwe," akasema mtu nyuma.

Polyxeni alilikumbatia kasiki kwa mikono yote. "Livunjwe? Hili? La bibi wa bibi yangu? Afadhali afie humo, nitamjengea msalaba!"

Annezou, akiwa amekaa pembeni na mkoba magotini, akasema kwa upole, "Mimi nimekuja kwa ajili ya kasiki zima."

Hapo ndipo watu wote, bila kupanga, walimgeukia Loizos. Alikuwa amesimama na kamba mikononi. Hakusema hata ile mm. Aliifunga kamba kwenye nguzo, taratibu, kama mtu anayefunga mbuzi jioni, akatoka nje.

Mlango ulibaki wazi. Tulisubiri. Polyxeni alitabasamu, akajipangusa jasho. "Mmemwona? Mwanamume mwenye akili. Ameondoka asiumize moyo wake."

Nikachungulia tena ndani. Rodou hakuwa tena amekanyaga kuta. Alikuwa ameketi chini kabisa, mafuta yanamtiririka usoni, magoti yamegusana na kidevu. Hakunikonyeza. Alikuwa anatazama juu kwenye kile kiduara cha mwanga, na alionekana mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. Moyo uliniuma. Nilikuwa nimefurahia mchezo kana kwamba ni mchezo tu, wakati yeye alikuwa ameweka humo miaka yake yote, na sasa mtu aliyemwekea alikuwa ameondoka kwa mlango wa mbele.

"Shoga," akaninong'oneza, "mwambie anivute yeyote. Nitatoka."

Nilikuwa nafungua mdomo nimwite Yakoumis, ndipo watu wa mlangoni wakapisha. Loizos alikuwa amerudi. Begani alikuwa na nyundo kubwa ya kupasulia mawe ya shamba.

"Toka, dada," akasema.

"Loizos! Una wazimu?"

"Toka hapo."

"Hii ni nyumba! Hili ndilo jina letu! Ukilivunja huna mke, huna kitu, umesikia? Utabaki na mizabibu minne na mbuzi!"

"Mbuzi wazuri," akasema Loizos, na hilo lilikuwa neno refu kuliko yote aliyowahi kumjibu dada yake. Alimshika mabega, akamweka pembeni kama kiti. Kisha akainama mdomoni mwa kasiki. "Rodou, funika kichwa kwa ndoo. Jibu kwanza."

"Nimefunika," ikaja sauti kutoka chini, imepungua ukubwa.

Akapiga. Sikuwahi kusikia mlio kama ule; kasiki lililia kwa muda mrefu, kama kengele, na wazee walifanya ishara ya msalaba. Akapiga tena. Bega la kasiki likapasuka, likaanguka ndani ya shimo lililochimbwa, na kupitia tundu lile akatoka Rodou na ndoo kichwani, mwekundu kwa mashapo ya divai, anang'aa kwa mafuta kama zeituni la kwenye mtungi. Watu walipiga makofi. Wengine walilia, na wengine, nawajua kwa majina, walianza kuokota vigae vyenye harufu nzuri.

Annezou alisimama, akakung'uta sketi yake. Alivitazama vigae, akamtazama Loizos kuanzia viatu mpaka nywele. "Sasa huyu ni wa nini?" akauliza, akaenda kumpanda punda wake. Polyxeni alimkimbilia mpaka barabarani akimweleza habari za kasiki lingine, dogo kidogo, na watu wakamkimbilia Polyxeni wasikose mwisho.

Nikabaki mimi na wao wawili. Nilikuwa nafagia, au nilishika fagio walau. Rodou alivua ndoo kichwani, akajifuta uso kwa kiganja, na ile furaha ya ushindi ikaanza kumrudia. Alikuwa tayari na maneno, niliyaona yanamjaa mashavuni.

"Asante, Loizos. Bila wewe ningekonda humo mpaka Pasaka."

Loizos aliweka nyundo chini. "Umeshakonda," akasema.

"Nani, mimi?"

"Tangu Pasaka. Kila kasiki ninalokushusha, mwepesi zaidi. Sahani ya sikukuu ulimpa paka wa padri, nilikuona." Akajikuna shingo. Hakukuwa na kasiki kati yao na maneno yalimtoka kwa shida, moja moja. "Leo ulikuwa mwepesi kuliko siku zote."

Rodou alitazama pengo kwenye kasiki, lile bega lililodumu tangu enzi za bibi wa bibi, lililolala chini vipande vipande. "Kwa hiyo ulijua sijakwama."

"Nilijua tangu ulipokaza miguu."

"Mtu mzima wewe! Basi umelivunjia nini?"

"Polyxeni nikimwambia hapana, hasikii," akasema Loizos. "Hiyo ameisikia."

Na Rodou, aliyemjibu padri, aliyemjibu mwenyekiti, aliyekuwa na neno kwa kila kiumbe wa bonde hili, alifungua mdomo, akaufunga. Machozi yalimshuka juu ya mafuta yasipate pa kushikia. Loizos alisimama akisubiri, mikono imelegea, na nikaona kwamba akiachwa atasubiri hivyo hivyo mpaka mavuno, na Rodou atabaki vile vile analia, na kijiji kinarudi. Ikabidi nitupe fagio.

"Rodou! Jibu, la sivyo tunakuvuta!"

"Ndiyo," akasema Rodou. "Ndiyo, jamani, ndiyo."

Loizos akasema, "Mm," na safari hii hata mimi nilijua ni ipi.